Mke Wangu Alipunguzwa Tumbo, Nami Sasa Ninakula kwa Kificho

Shangazi Mwanamkuu, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Tabora mjini, ukurasa wako huwa nausoma kwenye gazeti la tajiri yangu Mitesh kabla hajalitumia kufungia vitambaa, na nilikuwa nayacheka matatizo ya wenzangu mpaka haya yangu yaliponifika, sasa sicheki tena, naomba unishike mkono kabla shule hazijafungwa, kwa sababu shule zikifungwa mke wangu anaondoka.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea kwenye baraza la duka la Mitesh, na mke wangu Jeska ni mwalimu wa shule ya msingi. Wote tumezaliwa Ulyankulu, wazazi wetu walitoka Burundi, ndoa tulifunga huko huko kanisani, na watoto wetu Sixbert na mdogo wake wako bweni kwa hiyo nyumbani tumebaki wawili. Jeska tangu namuoa alikuwa mwanamke mnene, na mimi Shangazi nilimpenda hivyo hivyo, gauni lake la harusi nililishona mwenyewe na kitambaa kilipopungua nilirudi dukani kuongeza huku nacheka njia nzima. Lakini unene haukusimama pale, sukari ikaja, presha ikaja, magoti yakamkatalia, akawa anafundisha amekaa na watoto ndio wanaomfutia ubao. Alijaribu kila kitu, alikula majani bila ugali, alitembea kila asubuhi, alikunywa dawa za mama mmoja wa Nzega zilizomharisha mpaka nikazimwaga mwenyewe chooni, anapungua kidogo halafu anarudi palepale na nyongeza juu.

Ndipo daktari akamwambia kuna upasuaji unafanyika Dar es Salaam, wanaukata mfuko wa tumbo la chakula, sehemu kubwa wanaitoa, wanakuachia kimfuko chembamba kama ndizi, mtu anashiba kwa chakula kidogo. Mimi nilikataa, Shangazi, nisikufiche. Nilimwambia, "Mama Sixbert, mtu anapasuliwa kwa sababu anaumwa, wewe unataka kupasuliwa kwa sababu ya kula?" Akaniangalia akasema, "Mimi naumwa, Gervasi. Mama yangu alikatwa mguu kwa ajili ya sukari mimi nikiwa nimemshika mkono. Mimi nataka kuzeeka." Hakusema kwa hasira, alisema kama anavyowaambia watoto kesho kuna mtihani. Nikakubali. Kaka yake Aleksi akatusaidia pesa, tukapanda basi, na siku ile wanamwingiza chumba cha upasuaji nilikaa kwenye benchi nimeshika kanga yake, nikaibana mpaka muuguzi akaniuliza kama na mimi ni mgonjwa.

Yakaenda salama. Sasa ni mwezi wa nane tangu apasuliwe, sukari imeshuka, vidonge wamempunguzia, anafundisha amesimama, na majuzi alipanda ngazi za kanisani bila kushika mkono wa mtu mimi nikawa nyuma yake nafuta macho najifanya ni vumbi. Magauni yake nayapunguza mimi, nikimaliza kupunguza moja lingine limeshapwaya. Nakuambia haya ili ujue kwamba sijutii upasuaji hata kidogo.

Tatizo ni sinia. Kwetu mume na mke wanakula chombo kimoja, ndivyo walivyokula baba na mama, na siku ya harusi yetu mama alitukabidhi sinia akasema tule humo mpaka mmoja atakapozikwa. Mkitenga sahani maana yake nyumba ina ufa. Mimi mwenyewe nikiwa mdogo mama aliwahi kumtengea baba sahani yake kwa hasira, na kabla ya Jumapili wazee wa pande zote mbili walikuwa wameshajaa uani wanauliza kuna nini. Sasa tuliporudi kutoka Dar muuguzi alikuwa amemwelekeza Jeska atumie sahani ndogo yake peke yake, ale taratibu, atafune sana, akianza kujisikia ameshiba aache palepale. Jeska akanunua kasahani dukani kwa Gulamali, kazuri kenye ua la bluu. Mimi nikamwomba asikatumie. Nikasema, "Mama akija akaona tumetenga sahani nitamwambia nini?" Akacheka, akakaweka juu ya kabati, tukaendelea na sinia.

Basi tukikaa kula, Jeska anakula matonge machache tu, madogo ya kitoto, anaosha mikono, halafu anabaki amekaa pale ananitazama kwa upendo kabisa. Nami mkono unakuwa mzito. Naona aibu kuendelea kubugia peke yangu mbele ya mtu ambaye amekatwa tumbo, najiona mlafi, najiona kama ninamringia. Akinawa na mimi nanawa. Akiniuliza, "Baba Sixbert, umeshiba?" namjibu nimeshiba. Ugali unarudi jikoni mzima na mimi naenda kulala tumbo linanguruma mpaka nageukia ukutani asilisikie.

Nikavumilia, nikashindwa, nikaanza kupitia kwa Koleta. Koleta ni mjane kutoka Usinge, anapika chakula karibu na soko, na Shangazi, mama huyo anajua kupika, maharage yake ameyaunga kwa mawese na samaki wake, ile migebuka ya Kigoma, utailamba mpaka mwiba. Jioni nikifunga cherehani napita pale, naingia ndani nyuma ya pazia nisionekane, nakula nashiba, halafu naenda nyumbani kula yale matonge machache na mke wangu kwa amani. Nilidhani nimepata ufumbuzi. Kumbe ninanenepa. Yeye anapungua mimi naongezeka, magauni yake nayapunguza barazani mbele za watu na suruali zangu nazitanua kwa siri Mitesh akienda kula.

Mwalimu mwenzake Jeska, anaitwa Apolinaria, akaniona naingia nyuma ya pazia la Koleta, tena si mara moja, akasikia tunacheka, akapeleka maneno. Jeska akaniuliza kwa upole sana, "Kwa Koleta unafuata nini?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema napima pazia, ananishonesha mapazia. Shangazi, hilo pazia ni gunia la mchele lililofumuliwa, na Jeska analijua.

Nimesahau kukuambia kitu kimoja, Koleta ni mnene. Ni mnene kama alivyokuwa Jeska, hata mwendo unafanana. Jeska hakupiga kelele. Alisema, "Ulinioa nikiwa vile. Sasa ngozi imelegea, nywele zinatoka, matiti yameisha, umekwenda kutafuta kipimo chako cha zamani." Tangu siku hiyo anavaa na kuvua mlango umefungwa. Na si kwamba sikumbuki alivyokuwa, mara nyingine napeleka mkono nautafuta mgongo ule mpana naukosa, lakini ni mazoea tu, si kwamba namtaka mwingine.

Lililonifanya nikuandikie ni hili. Wiki iliyopita alipika ugali mkubwa, akakaa kwenye sinia akaanza kula kama zamani, matonge makubwa, haraka haraka, hatafuni, namwambia taratibu Mama Sixbert, ananijibu, "Acha nirudi nilivyokuwa, si ndicho unachotaka?" Hazikupita dakika akaanza kutoka jasho, akashika kifua, akatapika mpaka nikaogopa, nikamshika kichwa na yeye analia na mimi nalia. Amerudia tena juzi. Na amemwandikia kaka yake Aleksi kwamba shule zikifungwa anakwenda Ulyankulu, na amekunja nguo zake hata zile ambazo bado sijazipunguza.

Ukweli ningemwambia, lakini ukweli wenyewe ni upi? Nimwambie mimi mume wako nashinda njaa kwa sababu ya tumbo lako? Si atajilaumu kwa upasuaji, si ndiyo atazidi kula kwa kunihurumia? Bora anione mhuni kuliko ajute kupona. Ndivyo nilivyofikiri, lakini naona nampoteza. Nishauri, na majina tafadhali ubadilishe.

Ni mimi, Gervasi, fundi wa barazani, Tabora.

SHANGAZI MWANAMKUU ANAJIBU

Marahaba, Gervasi. Majina nimebadilisha yote, hata hili la kwako utalizoea. Cherehani nimeiacha kwa sababu mafundi wa barazani hapo Tabora mko wengi, na wote leo watatazamwa viuno vya suruali.

Nianze na lisilosubiri. Mke wako anatapika kwa kujilazimisha kula, na mfuko wake ni mdogo, tena umeshonwa. Nimempa barua yako daktari mmoja anayezijua kazi hizi aisome, na alipofika kwenye kushika kifua na jasho hakucheka tena hata pale nilipocheka mimi. Amesema wapigieni simu waliomfanyia upasuaji leo, si wiki ijayo, muwaambie ametapika mara ngapi na anajisikiaje, na wakisema njooni mwende. Akishindwa hata maji kukaa tumboni, au akipata homa au maumivu makali, hiyo si habari ya simu tena, ni hospitali ya karibu hapo hapo mlipo. Nywele nazo aziulizie. Mara nyingi hutoka katika miezi hii zikarudi, lakini wamwangalie kama anapata samaki, mayai na maharage ya kutosha, na kama zile vitamini alizopewa anazimeza au zimekaa dirishani.

Sasa tuje kwako, baba. Barua yako nimeisoma nacheka, nikamsomea dada wa kupokea simu hapa ofisini naye akacheka, halafu tukafika kwenye kasahani na hapo nikavua miwani. Mwanamke ametoka kwenye kisu, ameelekezwa na muuguzi namna ya kula asidhurike, amekwenda mwenyewe kwa Gulamali akajichagulia kasahani kenye ua, maana hata mgonjwa anapenda kitu kizuri. Wewe ukamwambia akaweke juu ya kabati kwa sababu mama yako anaweza kuja. Amekuja? Katika miezi yote hiyo amekuja mara ngapi? Umemnyima mkeo chombo cha dawa yake kwa kumwogopa mgeni ambaye hata hajakata tiketi.

Tena mila yenyewe umeishika upande usiofaa. Mama yako alimtengea baba yako sahani kwa sababu hakutaka kukaa naye. Jeska anamaliza matonge yake machache, anaosha mikono, na anabaki amekaa hapo kukutazama mpaka umalize. Huyo ndiye anayekula na wewe, Gervasi! Wewe uliyenawa na njaa yako ukaenda kumalizia nyuma ya gunia la mchele ndiye uliyetenga sahani. Wazee wa pande zote mbili wangejaa uani wangekuuliza wewe.

Unasema uliona aibu kula mbele yake. Naielewa aibu hiyo, ni aibu ya mtu mwenye moyo, na sikucheka hapo. Lakini hukumuuliza. Ulijiamulia mwenyewe kwamba anaumia akikuona unakula, ukajiamulia kwamba akijua una njaa atajuta, ukajiamulia kwamba ni heri akuone mhuni. Mambo mazito yote matatu ya mke wako umeyaamua barazani peke yako na mguu kwenye cherehani. Yeye alipotaka kukatwa tumbo alikuja kukuambia usoni, ukakataa, akakueleza, ukaelewa. Aliweza yeye kwenye jambo la kufa na kupona, wewe umeshindwa kwenye sahani ya maharage.

Na kuna mahali umepita mbio ukidhani sitaona. Umeandika unapeleka mkono unautafuta mgongo ule mpana unaukosa, halafu ukaharakisha kuniambia ni mazoea tu. Simama hapo kidogo. Umeishi na mwili ule miaka, umeushonea nguo, umezaa nao watoto. Kuukumbuka si uhuni wala si usaliti. Hata Jeska anaukumbuka, ndiyo maana anafunga mlango akibadili nguo. Mmefiwa na kitu ninyi wawili, ingawa ni kitu kilichokuwa kinamuua, na kila mmoja anakilia kwenye chumba chake. Mwambie. Mwambie unaukumbuka na mwambie huu wa sasa umeupenda wapi, na usiniambie mimi, mimi siuhitaji. Barua yako ni ndefu Gervasi, umenisifia migebuka ya Koleta mpaka mate yamenitoka, na mke wako hukumsifia isipokuwa pale aliposimama darasani na pale ngazi za kanisani. Ulifuta macho nyuma yake. Je, yeye alijua unalia kwa furaha, au naye aliambiwa ni vumbi?

Kwa hiyo utafanya hivi. Leo ukifunga cherehani usipite sokoni. Nenda nyumbani moja kwa moja, na ufike na njaa yako yote, usionje hata karanga. Kasahani utakakuta juu ya kabati, kashushe wewe kwa mkono wako, kaoshe, mpakulie humo samaki au maharage kwanza, ugali uwe mdogo na uwe wa mwisho, maji asinywe katikati ya chakula ila baadaye. Kaweke kando ya sinia, mkae mlipokaa siku zote. Kisha mwambie kabla hamjanawa. Sema, Mama Sixbert, kwa Koleta nafuata ugali. Nimekuwa na njaa na nimeona aibu kukuambia, na habari ya pazia ni uongo. Anza na neno njaa, usianze na maelezo, maana wewe ukianza na maelezo utafika Kigoma.

Usimlete Koleta aje akutetee. Mjane wa watu anauza chakula chake kwa halali, jina lake limeshaburutwa inatosha, na mume anayeleta shahidi ni mume ambaye neno lake peke yake halitoshi. Baadaye, mambo yakitulia, nendeni pamoja mchana kweupe mkakae nje ya pazia. Jeska apate kipande chake cha mgebuka na Koleta apate salamu anayostahili. Apolinaria akipita mwiteni akae.

Jeska atalia. Huenda akakasirika, na ana haki, maana kwa uongo wako wa pazia amejidhuru mara mbili. Mwache akasirike, usimkatize, usimwambie nilifanya kwa ajili yako hata kama ni kweli. Akisema bado anakwenda Ulyankulu, msindikize mpaka stendi na umbebee mfuko, na uende Jumamosi kumfuata. Ila kula, usiache kula! Kula mbele yake mpaka ushibe, polepole, mkizungumza, na akikuuliza umeshiba mjibu ukweli, iwe ndiyo iwe bado. Ukihitaji suruali mpya jishonee mezani mbele ya Mitesh. Mama yako akija akaona kasahani, mwambie ni dawa. Akikasirika, mpe namba yangu.

Na hofu yako kwamba akijua ukweli atajuta, itoe kichwani. Huyu ni mwanamke aliyemshika mama yake mkono wakati wa kukatwa mguu, akalala kwenye meza ya upasuaji akakubali kutiwa usingizi asijue kama ataamka, ili azeeke na wewe. Hatashindwa kusikia kwamba una njaa. Nenda ukamwambie, baba, anakusubiri.